Wanafunzi wa kidato cha kwanza wananyamaza darasani: tuwasaidieje kujieleza?

Mwalimu wa Historia: Habari zenu, walimu wenzangu. Ninafundisha katika shule ya serikali hapa Tanzania. Wanafunzi wangu, waliosoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, hunyamaza kabisa ninapouliza swali kwa Kiingereza, ingawa nje ya darasa ni wasemaji hodari. Nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu: Ndugu mwalimu, ukimya huo mara nyingi si wa kutojua. Mimi niliwapanga wawili wawili wakajadiliana kwanza kwa Kiswahili kwa dakika 3, ndipo kila mmoja akaeleza kwa Kiingereza hoja ya mwenzake, wala si yake mwenyewe. Hivyo aliyekosea hakuona haya sana, na wote walilazimika kusikiliza kwa makini, jambo ambalo sisi walimu hulisahau tunapodhani kuwa mawasiliano ni kusema tu.

Mwalimu wa Kenya: Naafiki. Huku kwetu mtaala wa umilisi, yaani unaolenga uwezo wa mwanafunzi kutumia anachojifunza, ulioanza kufanyiwa majaribio mwaka 2017, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Hata hivyo, darasa likijaa, mdahalo huishia kwa wasemaji wale wale wanne, kwa hiyo mimi huwapa wanyamavu kazi ya kuandika hoja na kuzisoma.

Mwalimu wa Historia: Ahsanteni. Je, mzee wangu, wenzake wakimcheka aliyekosea?

Mwalimu Mstaafu: Kosea wewe kwanza mbele yao, kisha ujisahihishe bila haraka.