Kikundi cha ukoo: nani amimine vinywaji siku ya uzinduzi?

Dada: Shikamooni wakubwa. Naombeni macho yenu. Uzinduzi wa sharubati yetu ni Jumamosi ijayo, wageni 120. Wakala kanitumia picha za wahudumu wa vinywaji kumi, anataka nichague kabla ya kesho jioni. Nimeziweka hapo juu.

Binamu: Wa pili, wa tano na wa saba. Warefu, wanapendeza, watatoka vizuri kwenye picha za tangazo.

Mama: Marahaba mwanangu. Mimi sura zote naona nzuri. Wifi yupo? Hii ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote.

Shangazi: Nipo wifi, nilikuwa jikoni. Mwanangu, marahaba. Kuna hata mmoja uliyemwona akimimina?

Dada: Hapana shangazi. Nimeona picha tu.

Shangazi: Basi usichague bado. Mwambie wakala awalete wote kumi kwa saa moja, na hiyo saa uwalipe, maana ni kazi. Weka chupa za maji, glasi, trei na ndoo ya barafu. Kaa pembeni uangalie mikono. Anayeshika glasi mdomoni, pale mgeni atakapoweka midomo yake, huyo bado hajafundishwa. Glasi inashikwa kwenye shina au chini kabisa.

Shangazi: Halafu angalia anavyochota barafu. Kuna watu wanachota kwa glasi yenyewe. Ikipasuka humo ndani, kipande cha kioo hukioni kati ya barafu, na itabidi umwage ndoo nzima katikati ya shughuli. Barafu ina kijiko chake.

Kaka: Hilo sikulijua kabisa.

Mjomba: Wageni 120 wanahitaji wahudumu wangapi? Isije ikawa watu wanapanga foleni kama wanasubiri matibabu.

Shangazi: Inategemea kinachotolewa. Kama ni kufungua na kumimina tu, sisi tulikuwa tunaweka mtu mmoja kaunta kwa wageni 50 hivi. Mkianza kuchanganya vinywaji mbele ya watu, mmoja kwa 35.

Dada: Tutachanganya, shangazi. Aina mbili, zote zina sharubati yetu. Pia kuna mvinyo, na shampeni glasi moja moja ya kutakiana heri.

Shangazi: Basi wanne kaunta, watatu wa trei, na mmoja wa kuokota glasi zilizotumika. Huyu wa mwisho watu humsahau, halafu saa ya pili glasi safi zimeisha na meza zote zimejaa chafu. Nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, wageni wanaingia kwa mkupuo. Wa trei wawe mlangoni na glasi zilizokwisha kujazwa, kaunta ipumue.

Kaka: Shampeni nunua chupa 20. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi sita za mililita 125.

Shangazi: Sawa, ongeza mbili za akiba. Na mwambie mmoja wao akufungulie chupa mbele yako. Akiifyatua kizibo kiruke juu, mwache. Mle ndani mna mgandamizo karibu mara tatu ya tairi la gari, kizibo kinaweza kumtoa mtu jicho. Anayejua anailaza kidogo, anashika kizibo kwa nguvu na kuzungusha chupa, si kizibo. Inatoa mlio mdogo tu kama mtu anayeshusha pumzi.

Binamu: Shangazi, lakini hili ni tangazo la biashara. Mwonekano una kazi yake.

Shangazi: Una kazi yake, mwanangu, usafi na uchangamfu nautaka sana. Ila nikwambie kilichonikuta. Shughuli moja tulikuwa tunatambulisha kinywaji kama hivi. Mgeni akamuuliza binti wa trei, "Hiki kina lozi?" Binti alikuwa mgeni kwenye kazi, hakuna aliyemwelekeza, akatabasamu akasema hakina. Kilikuwa na sharubati ya lozi. Dakika chache midomo ya yule mama imevimba, anashindwa kupumua, tunakimbizana kutafuta gari. Alipona, lakini ile sauti ya pumzi yake naisikia mpaka leo.

Mama: Mungu wangu.

Shangazi: Sikumlaumu yule binti. Tulimchagua kwa picha, tukampa trei bila kumpa maneno. Kwa hiyo, mwanangu, kila mmoja ajue kilichomo, aonje mwenyewe, na akiulizwa asilolijua aseme "ngoja nikuulizie."

Dada: Nitaandika viungo vyote kwenye karatasi, nibandike nyuma ya kaunta.

Mjomba: Na walevi? Kuna mvinyo hapo.

Shangazi: Waulize mmoja mmoja: mgeni kazidiwa na anataka glasi nyingine, utafanyaje? Anayekujibu "nitampa, ni mgeni" hafai. Ninayemtaka atasema kwa sauti ya chini, atamletea maji, atamwita msimamizi. Mwili unaondoa takriban kinywaji kimoja kwa saa, na kahawa haiharakishi hilo. Kijana mdogo naye aombwe kitambulisho kabla ya kumiminiwa.

Mama: Mimi nina moja. Hao mabinti wawe na mtu wa kumwendea mgeni akiwashika shika. Na viatu vya chini tafadhali, kusimama wima kwa muda wa saa tano si mchezo.

Shangazi: Wifi umesema. Hilo mwanangu uwaambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako kabla shughuli haijaanza, wajue uko upande wao.

Dada: Nitawaambia. Sharubati ya kuonja je, glasi nzima?

Shangazi: Mililita 50 zinatosha. Lita moja inakupa vionjo 20. Kila mgeni akionja mara mbili ni lita 12.

Dada: Nimempigia wakala. Mwanzo alisema hawafanyi majaribio, nilipotaja malipo ya saa hiyo akakubali. Jumatano saa kumi jioni, wote kumi. Shangazi, utakuja?

Shangazi: Nitakuja. Nitamwomba kila mmoja anizungukie chumba na trei yenye glasi nane zilizojaa, halafu nitachukua moja ya pembeni bila kumwambia. Nataka nione anavyozisogeza zilizobaki.

Binamu: Na mimi naja, nitakaa kama mgeni. Nitauliza kama kina lozi.

Mama: Barafu naleta mimi. Na kijiko chake.