Naomba ushauri: kupima ugumu wa kiowevu cha sumaku bila reomita

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Niko Kampala, nasomea uhandisi mitambo. Mradi wangu ni kiowevu kinachokuwa kigumu kikikaribiwa na sumaku, kile alichokibuni Jacob Rabinow huko Marekani miaka ya 1940. Reomita (mashine ya kupimia ugumu wa viowevu) yenye koili za kutengeneza sumaku sina, na bei yake siwezi hata kuitaja mbele ya baba.

Basi nimejitengenezea. Vumbi la chuma nimeliokota chini ya grenda za mafundi wa Katwe, nikalichekecha kwa kitambaa, nikachanganya na mafuta ya silikoni. Nazamisha kipande cha alumini katikati ya koili mbili, kisha nakivuta polepole kwa mizani ya springi. Nikishatoa uzito wake, nguvu iliyobaki nagawanya kwa eneo la pande zote mbili zilizolowa.

Shida: mara ya kwanza napata nyutoni 6, ya tatu 4, na sijagusa kitu! Nashuku vumbi linatuama, maana nikienda kunywa chai tu, nikirudi chini ni tope. Lakini koili nazo zinachemka, na shaba ikipata joto ukinzani hupanda, mkondo unapungua. Au alumini inateleza kwa kuwa ni laini mno, niikwaruze kwa msasa?

Nianze na lipi? Na hili vumbi la grenda, lenye chembe za jiwe ndani yake, nilitupe kabisa? Jumatatu msimamizi anataka grafu.