Mmefuta mistari mitupu ya hadithi yangu, na volkano mbili zimekuwa moja

Ndugu wasomaji na waandishi wenzangu wa Bukavu, Goma, Uvira na popote mlipo,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuilaza kwa siku nne, nayo imekataa kulala. Hadithi yangu fupi imechapishwa ndani ya mkusanyiko wa hadithi za Kivu, na katika ukurasa wake wa tatu Nyiragongo inalipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, kisha, bila hata mstari mmoja wa kupumzisha jicho, lava inapita katikati ya mji na kumwagika ziwani. Kila aliyekuwa Goma mwaka ule anajua kwamba jambo hilo halikutokea. Lava ya 2021 ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Iliyokula sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kufika Ziwa Kivu ni ile ya tarehe 17 Januari 2002. Mimi nayajua hayo, na niliyaandika hivyo. Aliyeziyeyusha volkano mbili zikawa moja ni mhariri aliyeondoa mistari mitupu kati ya maonyesho yangu bila kuniuliza.

Mtoto wa kaka yangu, anayeishi Katindo, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu. Aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: «Shangazi, hivi wewe umesahau Goma?» Sikuwa na kitabu mkononi wakati huo. Nilikipata kesho yake, nikasoma nikiwa nimesimama, na nilipofika ukurasa wa tatu nikakaa chini.

Niwaeleze jinsi sehemu ile ilivyokuwa imejengwa, kwa sababu asiyejua kilichobomolewa hawezi kuelewa kilio changu. Katika onyesho la kwanza, mama na binti yake Furaha, mwenye miaka 19, wako nyumbani kwao Majengo. Anga imekuwa nyekundu, majirani wanakimbia na magodoro kichwani, na mama, badala ya kupiga kelele, anakaza kitenge chake kiunoni. Onyesho linaishia hapo. Unafuata mstari mtupu. Onyesho la pili linaanza hivi: «Kitenge kilikuwa kipya bado, na Furaha alikuwa amefungwa ndani yake, mgongoni, hajaota hata jino moja.» Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo kwa wiki mbili. Sikutaka kuandika «Miaka kumi na tisa iliyopita», kwa sababu mtu anayekimbia volkano hafungui kalenda. Anashika kitambaa, na kitambaa kinamrudisha alikotoka. Kitenge ndicho kilichomvusha msomaji kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na mstari mtupu ulimwonya kwamba anavuka. Kisengerenyuma hicho, yaani kurudi nyuma katika wakati, kilikuwa na miguu hiyo miwili tu.

Mhariri ameikata yote miwili. Mstari mtupu ameufuta, na sentensi yangu ameigeuza ikawa: «Baada ya muda mfupi, mama alimfunga Furaha mgongoni.» Binti wa miaka 19! Mwanamke mzima anabebwa mgongoni na mama yake kutoka Majengo hadi ziwani, na nyuma yao inakuja lava ambayo mwaka ule haikufika hata uwanja wa ndege. Msomaji asiyeijua Goma ataamini habari za uongo kuhusu mji wetu, na anayeijua ataamini kwamba mwandishi ni mwongo.

Nilimpigia simu. Alinijibu kwa heshima, siwezi kumsingizia: «Mama, ile mistari mitupu inakula karatasi.» Kisha akaongeza kwamba hadithi za kwetu hazina desturi ya kuacha nafasi, kwamba msimulizi wa Kiafrika husimulia moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba mambo haya ya kukatakata tumeyachukua kwenye riwaya za Kifaransa.

Jibu hilo la pili ndilo lililonifanya nije hapa, kwa sababu ni la kuumiza na si la kweli. Nimelelewa na bibi aliyesimulia hadithi jikoni, Bagira, jioni baada ya jioni. Bibi hakuwa na mstari mtupu, kwa kuwa alikuwa na vitu bora kuliko mstari mtupu: alikuwa na sauti. Sungura alipotoka kwenye shamba la Fisi kwenda mtoni, bibi alinyamaza, akasukuma kuni ndani ya jiko, akasema «Basi», na sisi watoto tukajua kwamba tumekwisha kuhama. Mara nyingine alianzisha wimbo, tukaitikia, na wimbo ulipokwisha ilikuwa ni siku nyingine kabisa katika hadithi. Hata maandishi ya zamani ya Kiswahili yamejaa alama hizo: «hata siku moja», «hata alipofika», na «ikawa» ambayo kila aliyesoma Biblia ya Kiswahili anaifahamu. Msimulizi wetu hakuwahi kwenda moja kwa moja. Alikuwa akikata na kuunga kila dakika, ila alikata kwa pumzi. Ukurasa hauna pumzi. Mstari mtupu ndio kunyamaza kwa bibi, na kuni zake, na «Basi» yake, na anayeufuta anamnyamazisha bibi hasa mahali ambapo kimya chake kilikuwa kinasema.

Tena lugha yetu inauhitaji mstari huo kuliko Kifaransa kinavyouhitaji. Mwandishi wa Kifaransa anaweza kuanza onyesho kwa kiwakilishi tu, na msomaji akajua papo hapo kama anayefungua mlango ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi chetu «a-» hakisemi. «Alifungua mlango»: nani? Mama, mjomba, mwizi, padri? Ndiyo maana onyesho jipya likihamia kwa mtu mwingine, jina lake linapaswa kusimama mapema, ikiwezekana ndani ya maneno manne au matano ya kwanza. Vivyo hivyo kwa «-ka-». Kitenzi chenye «-ka-» kinaegemea kitenzi kilichotangulia, kama mtoto anayeshika nguo ya mama yake sokoni. Ukianza nacho onyesho jipya baada ya kufuta nafasi, kitamshika mtu wa onyesho lililopita na kumfuata huyo. Mimi huanza upya kwa «-li-» au kwa «-po-» ili msomaji ahisi kwamba uzi umefungwa na mwingine umeanza.

Sasa tazameni alichofanya katika onyesho la mjomba. Mjomba yuko Kinshasa. Niliandika: «Mjomba alifungua redio saa 12 jioni, mwanga wa Kinshasa ukiwa bado juu ya mapaa.» Mhariri ameondoa neno «Mjomba» kwa madai kwamba limerudiwa mno, ameondoa mstari mtupu, na ameweka mbele yake «Wakati huohuo». Kwa hiyo aliyefungua redio ni mama, yuleyule ambaye katika sentensi iliyotangulia alikuwa barabarani na mtu mzima mgongoni. Halafu, alipoona kwamba Goma nilikuwa nimeandika saa 1 jioni na Kinshasa saa 12 jioni, alidhani nimekosea hesabu, akasahihisha zote mbili ziwe saa 1. Ndugu zangu, mashariki ya nchi hii inatangulia Kinshasa kwa saa 1 nzima. Kila mwenye ndugu kule anajua, kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kumwamsha mtu mapema mno. Tofauti ile ya saa niliitumia kwa makusudi: Goma giza limeingia na moto unaonekana angani, Kinshasa bado kuna mwanga na mtu anasikiliza muziki bila habari yoyote. Maonyesho mawili yakikaa bega kwa bega, saa hiyo moja inayowatenganisha ndiyo uchungu wenyewe wa hadithi. «Wakati huohuo» imeufuta.

Siyachukii maneno «wakati huohuo», «baada ya muda mfupi» na «hatimaye». Yana kazi yake. Ninachokikataa ni kuyatumia kama gundi kwenye kila kiungo, kwa kuwa hayamwambii msomaji yuko wapi, saa ngapi, na nani. Kiswahili kina vyombo vilivyo sahihi zaidi kwa kazi hiyo. Tuna «pale», «kule» na «mle», ambavyo vinatofautisha mahali panapojulikana, mahali palipo mbali na ndani ya kitu, mambo ambayo lugha nyingine hutafuta sentensi nzima kuyasema. Ukiandika «Kule bandarini taa zilikuwa zimezimwa», msomaji amehama, amejua ni mbali, na onyesho limeanza. Ukiandika «Mle ndani», ameingia. Mhariri anayebandika «baada ya muda mfupi» mbele ya sentensi ya namna hiyo anamwekea ngazi mtu aliyekwisha kufika juu.

Kosa la tatu ni kinyume cha hayo, na pengine ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa hapo hakufuta bali ameongeza. Tarehe 27 Mei 2021, mamlaka zilipoamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe, watu wengi walielekea Sake na wengi wengine wakapanda boti kuja kwetu Bukavu. Katika hadithi yangu mama na Furaha wanasimama katika msongamano wa bandarini, na sentensi ya mwisho ni mkono wa mtu asiyejulikana unaomvuta Furaha ndani ya boti. Mstari mtupu. «Kadutu, mtu wa kwanza kuwapa maji aliwauliza kama wamelipa.» Nilivuka ziwa zima, hadi Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwa nafasi ya mstari mmoja. Mhariri ameandika mwenyewe aya nzima kuijaza nafasi hiyo: waliketi, boti ikaondoka, wakapita kando ya kisiwa cha Idjwi, upepo ukavuma, wakafika salama, wakashuka, wakapanda mlima. Hakuna lolote katika aya hiyo linalobadilisha moyo wa mtu yeyote. Safari ndani ya hadithi inastahili kuandikwa pale tu mtu anaposhuka akiwa tofauti na alivyopanda, na ikiwa hivyo basi inakuwa onyesho kamili lenye mazungumzo yake na hofu yake. Isipokuwa hivyo, iachwe. Msomaji wa Kivu anajua ziwa liko kati ya Goma na Bukavu. Hahitaji kupewa tiketi. Na mtu yuleyule anayenilalamikia kuhusu karatasi ameitumia karatasi kwa mistari 11 ya upepo.

Nakiri kwamba wahariri wamezoeshwa vibaya na sisi waandishi. Vijana huniletea miswada yao, na ninaisoma kwa upendo, lakini katika mingi kila onyesho linaisha mtu akilala na kila onyesho linaanza mtu akiamka, akinawa uso na kunywa chai. Hilo linatokana na woga: mwandishi anadhani akiiacha asubuhi moja bila kuisimulia, msomaji atapotea. Wengine hufanya kinyume, wanaruka kutoka Nyawera, hapa Bukavu, hadi Lubumbashi ndani ya aya moja bila jina la mahali wala la mtu, kisha wanasema huo ndio usasa. Mimi hufanya jambo moja tu ninaporekebisha. Nachukua sentensi ya mwisho ya kila onyesho na ya kwanza ya linalofuata, nazinakili mbili mbili kwenye karatasi kando, kisha nazisoma kwa sauti. Mbili zile zisiposhikana kwa kitu chochote, iwe kitambaa, sauti, swali lililoulizwa huku na kujibiwa kule, au hata ukinzani mkali kama giza la Goma na mwanga wa Kinshasa, basi najua kiungo hakipo, na hakuna «hatimaye» itakayokiumba.

Nimeongeza kipande hiki baada ya kusoma majibu yenu ya mchana. Ndugu mmoja anasema kwamba pengine mistari iliondoka yenyewe faili lilipohamishwa kutoka simu hadi kompyuta. Hilo hutokea kweli, na hata bila hilo mstari mtupu ukiangukia mwisho wa ukurasa hauonekani tena, ndiyo sababu wapangaji wazuri wa kurasa huweka nyota tatu mahali hapo. Ningekubali maelezo hayo kama kungekuwa na upungufu wa mistari tu. Lakini simu haiandiki «Baada ya muda mfupi», na kompyuta haijui Idjwi.

Nilichomwomba mhariri kwa maandishi ni hiki: mistari mitupu yote saba irudishwe katika uchapishaji ujao na iwekewe nyota, neno «Mjomba» lirudi mahali pake, saa 12 ya Kinshasa irudi, aya ya boti iondoke, au hadithi yangu itolewe kitabuni. Hajajibu. Kwa sasa nawaomba ninyi mliokwisha kununua nakala mchukue kalamu, mfungue ukurasa wa tatu wa hadithi, na chini ya maneno «akakaza kitenge chake kiunoni» mchore nyota tatu. Kisha mfute «Baada ya muda mfupi» na maneno yote yanayofuata hadi kwenye nukta, na pembeni muandike: «Kitenge kilikuwa kipya bado, na Furaha alikuwa amefungwa ndani yake, mgongoni, hajaota hata jino moja.»