Chembe za sikio la ndani: kwa nini zikihama tu zinaleta kizunguzungu?

Mdadisi_wa_Fuvu
Wakuu, naomba kueleweshwa. Utrikuli, kifuko kilichomo sikio la ndani, ina chembe za kalsiamu kabonati maisha yote na hakuna anayezihisi. Zikidondokea kwenye mfereji nusuduara wa nyuma, mmoja wa mifereji mitatu iliyopinda humo humo sikioni, umbali wa milimita chache tu, mtu akijigeuza kitandani chumba kizima kinazunguka, halafu baada ya nusu dakika kimetulia. Chembe ni zilezile, majimaji ni yaleyale. Kinachobadilika ni nini? Na kwa nini mara nyingi ni mfereji wa nyuma, si wa mbele?

Labirinthi
Kinachobadilika ni kipokezi kinachosukumwa. Ndani ya utrikuli kuna makula: seli zenye vinyweleo, juu yake ute mzito, na chembe zimenata juu ya ute huo. Chembe ni nzito kuliko majimaji, karibu mara 2.7 ya maji. Ukiinamisha kichwa zinateleza kidogo, ute unavutika, vinyweleo vinapinda, ubongo unasoma kwamba kichwa kimeinama. Hiyo ndiyo kazi yake.

Mfereji nusuduara haukuumbwa kupima mvutano wa dunia. Kwenye ampula, yaani pale mfereji unapotuna, kuna kupula, pazia la ute linaloziba njia toka ukuta hadi ukuta. Uzito wake ni sawa na wa endolimfu, yaani majimaji ya mferejini yanayoizunguka, hivyo ulale au usimame, kupula haijali. Inapinda pale tu kichwa kinapozunguka, kwa sababu endolimfu huchelewa kuufuata mfupa na kuisukuma.

Sasa tia chembe humo. Ukibadili mlalo zinazama, zinaburuta endolimfu, kupula inavutwa. Ubongo una tafsiri moja tu ya kupula iliyopinda: kichwa kinazunguka. Chembe zikifika sehemu ya chini kabisa zinatulia na kupula inajirudi. Ndiyo maana kizunguzungu huchelewa sekunde chache kuanza, na kwa kawaida hakifiki dakika moja.

Kuhusu mfereji wa nyuma: ndio ulio chini zaidi, umesimama au umelala chali. Wa mbele umepinda kuelekea juu, chembe zikiingia mara nyingi hurudi zenyewe. Tena wa nyuma una mlango mmoja tu wa kutokea. Upande wa ampula umezibwa na kupula, kumebaki shina la pamoja na mfereji wa mbele linalorudi utrikulini.

Neva_ya_Nane
Nakazia hilo la mlango mmoja, maana ndilo msingi wa tiba ya Epley, yaani kugeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe zirudi utrikulini, iliyochapishwa mwaka 1992. Tuseme sikio bovu ni la kulia. Mgonjwa akae kitandani, kichwa kigeuzwe kulia nyuzi 45. Alazwe haraka, kichwa kikining'inia nyuma nyuzi 20 hadi 30. Subiri macho yaache kuchezacheza, sekunde 30 hadi 60. Geuza kichwa nyuzi 90 kwenda kushoto, subiri tena. Kisha ajigeuze mwili mzima alalie ubavu wa kushoto, uso ukitazama sakafu, subiri. Mwisho akae, kidevu kimeinama. Kila hatua inazisogeza chembe mbele kuelekea lile shina la pamoja.

Kosa kubwa ni kuinua kichwa katikati ya hatua: chembe zinarudi zilikotoka. Kosa jingine ni kutibu sikio lisilo bovu. Mwenye tatizo la shingo asifanyiwe bila daktari kumwona.

Mdadisi_wa_Fuvu
Shukrani sana wakuu. Sikio bovu linajulikanaje?

Neva_ya_Nane
Ile hatua ya kwanza, ya kugeuza kichwa na kumlaza haraka, ndiyo kipimo chenyewe, fanya kila upande. Upande mbovu ukiwa chini, macho yanaruka kuelekea juu huku yakijizungusha kuelekea sikio hilo. Yakienda pembeni tu, chembe ziko mfereji wa pembeni na Epley haitafaa.

Labirinthi
Niongeze jambo la usalama. Macho yakiruka kuelekea chini, au mchezo wa macho ukaanza papo hapo na usiishe, usidhani ni chembe. Chanzo kinaweza kuwa ubongoni. Vivyo hivyo kizunguzungu kikija na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, udhaifu wa mkono au mguu, au kushindwa kutembea: hospitali mara moja. Sikio likipoteza usikivu ghafla nalo si la kusubiri, kwani chembe hizi haziigusi koklea, sehemu ya sikio inayosikia.

Dawa za kutuliza kizunguzungu hupunguza kichefuchefu, ila hakuna kidonge kinachoihamisha chembe kutoka mferejini.