Ushauri: Nimwekee baba Poirot wa nani? Suchet, Ustinov, Finney au mwingine?

BintiTudor

Assalam aleikum jamaa, na habari za jioni kwenu nyote.

Nina swali kwa wapenzi wa hadithi za upelelezi. Babangu alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, na tangu ujana wake ni msomaji wa Agatha Christie, yule mwandishi Mwingereza. Vitabu vya mpelelezi wake, Hercule Poirot, alikuwa akivinunua vikuukuu, vingine havina hata jalada, na anavijua kiasi kwamba ukimtajia mtumishi wa jikoni tu atakwambia yumo kitabu gani. Sasa presha ya macho imempunguzia sana uwezo wa kuona. Anaona mbele yake kama anayechungulia kwenye bomba, na herufi za kitabu zimemshinda. TV anaitazama akikaa karibu, ila penye giza hapati kitu.

Kakangu alimwekea Murder on the Orient Express ya 2017, ya Kenneth Branagh. Mzee alivumilia mpaka pale Poirot anapomfukuza mtu kwenye nguzo za daraja, akasema "huyu simjui", akatoka zake barazani. Tangu hapo ukimtajia filamu hataki kusikia.

Nataka nimrudishie Poirot wake. Nianze na muigizaji yupi, na hadithi ipi hasa? Wanangu wa sekondari nao watakaa naye Ijumaa usiku, kwa hivyo isiwe ya kuwatia usingizi. Tafadhali, msimtaje muuaji. Wao hawajasoma.

Mkaazi wa Kisauni

Dadangu, David Suchet. Wengine wote wamemuigiza Poirot, huyu alikaa naye kwenye TV miaka 24, kuanzia 1989 hadi 2013. Vipindi 70, karibu kila hadithi ya Poirot aliyoandika Christie imo. Mzee akimpenda ana kazi ya mwaka mzima.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Mwanangu, umeuliza jambo ninalolipenda, nivumilie kidogo.

Kwa mtu aliyesoma vitabu, kipimo ni kimoja tu: je, huyu ndiye niliyekuwa nikimuona nikisoma? Poirot wa vitabuni ni mfupi, kichwa kama yai, masharubu yamepakwa mafuta yakachongoka, nguo hazina hata chembe ya vumbi, viatu vinambana lakini havui. Ni Mbelgiji aliyeingia Uingereza akiwa mkimbizi wa vita, na mtu akimwita Mfaransa anaumia.

Suchet aliketi akavisoma vitabu, akaandika orodha ya mambo 93 kuhusu mtu huyu, hata vipande vya sukari anavyotia kwenye chai. Ndipo akaitafuta sauti. Sauti yake mwenyewe ni nzito, yatoka kifuani. Akaipandisha juu kichwani, akaitia lafudhi ya Kibelgiji. Mwambie babako afumbe macho asikilize dakika tano. Kwa hali uliyoieleza, hilo ndilo kubwa kuliko masharubu ya nani ni mazuri.

Albert Finney, 1974, hadithi ile ile ya treni ya Orient Express. Filamu nzuri mno, imejaa waigizaji wakubwa, na Ingrid Bergman alipata Oscar humo. Lakini Finney shingo ameizamisha mabegani, anapaza sauti, anawakaripia wasafiri. Ni Poirot mkali. Christie mwenyewe aliiona na akaipenda filamu, ila masharubu hayakumridhisha, maana yeye aliandika kwamba Poirot ana masharubu mazuri kuliko yote Uingereza.

Peter Ustinov ni mrefu, mnene, mcheshi. Kwa umbo hafanani kabisa na mtu wa kitabuni. Lakini Death on the Nile yake ya 1978 walikwenda kuipiga Misri kwenyewe, na lile jua unaliona juu ya mahekalu ya Karnak na Abu Simbel. Bette Davis, Maggie Smith, Angela Lansbury, wote wamo kwenye merikebu moja. Mimi naihesabu filamu bora ya Poirot, ijapokuwa Ustinov si Poirot bora. Hayo ni mambo mawili tofauti, na babako nadhani ataelewa.

John Malkovich naye muache. Ile yake ya TV ya 2018 imembadilishia hata historia ya maisha yake ya Ubelgiji. Mzee atatoka barazani tena.

Kijana wa Bamburi

Shikamoo Mwalimu. Naheshimu, ila mumtendee haki Branagh. Mimi nisingejua Poirot ni nani bila ile filamu ya 2017. Nilitoka hapo nikatafuta kitabu. Poirot wake ana kidonda moyoni, kuna picha ya mwanamke anayozungumza nayo usiku, na unaona kwamba kujua ukweli kunamgharimu kitu. Wale wengine wanafumbua fumbo, wanakula chakula chao. Huyu halali. Kwa hao watoto wa sekondari mimi ningeanza na yeye, halafu babu awaambie kitabuni ilikuwaje. Hapo wana mazungumzo.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Marahaba mwanangu. La kidonda umenena vizuri, nakukubalia. Lakini ukitaka kuona ukweli ukimgharimu Poirot, itazame treni hiyo hiyo ya Suchet ya 2010. Ameshika rozari, anagombana na imani yake, na mwisho wake uso unatetemeka pasi na neno. Hakumkimbiza mtu yeyote. Na ile ya tatu ya Branagh, 2023, imechukua hadithi ya kijiji cha Uingereza ikaihamishia Venice. Msomaji wa miaka mingi utamwambia nini hapo?

BintiTudor

Shukran nyote. Mwalimu, umenisaidia sana, ila sasa nina shaka nyingine. Nilijaribu kuchungulia hiyo ya 2010 ya Suchet, mbona ni giza sana? Mimi mwenye macho mazima nilikaza.

Ummu Salma

Bi dada, ngoja nikujibu mimi, maana mamangu ana ugonjwa huo huo na mimi ndiye ninayekaa naye.

Usianzie mwisho. Suchet ana nyakati mbili. Vile vya miaka ya mwanzo, 1989 na kuendelea, vingi ni vya mchana: nyumba nyeupe, magari ya miaka ya 1930, bustani, ufuo. Kila kimoja ni kama dakika 50, kwa hivyo mzee hachoki na watoto hawaanzi kuchukua simu. Vya baadaye ni virefu na picha zimetiwa kiza makusudi. Mtu mwenye presha ya macho hupata tabu penye mwanga hafifu, anabaki kusikia viatu na milango. Anza na kile cha kwanza kabisa, The Adventure of the Clapham Cook. Bibi mmoja anamjia Poirot eti mpishi wake ametoweka, Poirot anaona kazi hiyo ni ndogo mno kwake, kisha inakua. Hata watoto watataka kujua mpishi kaenda wapi.

Jambo jingine, umtahadharishe babako mapema: vipindi hivyo vimewatia Hastings rafiki yake Poirot, Inspekta Japp wa polisi na Miss Lemon karani wake hata kwenye hadithi ambazo kitabuni hawamo. Akijua kabla, hatakasirika. Mamangu alilalamika siku ya kwanza, siku ya pili akawa anauliza "Miss Lemon yuko wapi leo?"

Na picha punguza umuhimu wake. Nunua spika ndogo uiweke karibu na kiti chake. Sauti za TV hizi bapa zinatoka kwa nyuma, na lafudhi ya Poirot inapotea ukutani. Mtoto mmoja akae kando amnong'oneze yale yasiyosemwa: "amechukua barua", "amemtazama yule daktari". Mwanangu mdogo hufanya hivyo na sasa anajua kutazama filamu kuliko mimi.

Mkaazi wa Kisauni

Ummu Salma umemaliza. Mimi ningeongeza hiyo ya Ustinov ya mtoni, iwe Ijumaa ya pili. Jua lote lile, ataona.

Kijana wa Bamburi

Na ya Branagh ya mto huo huo, 2022, muwaekee watoto peke yao, walinganishe. Ile haikupigwa Misri, merikebu waliijenga studio Uingereza. Watoto wa siku hizi wanazijua picha za kompyuta, wataona tofauti wenyewe.

BintiTudor

Nimeamua. Ijumaa hii mpishi wa Clapham, inayofuata Ustinov mtoni. Mwalimu, ningependa kujua: kile kitabu cha mwisho, Curtain, nimwekee? Ndicho hajakisoma. Anasema hataki kumzika Poirot.

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Usimharakishe. Christie alikiandika wakati wa Vita vya Pili, akakifungia benki, kikatoka 1975. Kilipokaribia kutoka, gazeti la New York Times liliandika tanzia ya Poirot ukurasa wa mbele, kama mtu aliyekuwa hai. Cha Suchet nacho kilionyeshwa mwishoni kabisa, 2013, na kukitazama ni kazi nzito hata kwa sisi tuliojua. Muache babako akiombe mwenyewe.

Ummu Salma

Tena bi dada, kwa siku za katikati ya wiki, watoto wako shule na wewe uko kazini: mtafutie Poirot wa kusikiliza. BBC Radio 4 walizifanya hadithi nyingi kuwa michezo ya redio, na Poirot ni John Moffatt, sauti safi, kila mhusika ana sauti yake. Na kuna vitabu vyenyewe vilivyosomwa mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno, bila mtu kubadilisha kitu. Vingi vimesomwa na Hugh Fraser, yule yule anayeigiza Hastings kwa Suchet. Mtilie kwenye simu, umfundishe kitufe cha kusimamisha na cha kurudi nyuma. Ukimtilia gundi kidogo kwenye vitufe vya pembeni atavijua kwa kidole.