Maji ya moto nyumbani: boila tuiweke digrii ngapi?

Kutoka: Mama wa mapacha, Bel-Air

Ndugu zangu, poleni na baridi ya Juni. Tumehamia Lubumbashi kutoka Mwanza, na kule jambo hili halikutusumbua. Anayetaka maji ya moto anabandika birika, basi. Hapa asubuhi watoto wanatetemeka. Nyumba tuliyopanga ina boila ya lita 80 juu ya bafu. Mwenye nyumba kaiweka kwenye 75 na kasema isiguswe. Mume wangu anataka tuishushe hadi 40, maji yatoke tayari kwa kuoga, tuokoe umeme na watoto wasiungue. Umeme wenyewe mtaani kwetu unakuja usiku wa manane na alfajiri umeshaondoka. Nimsikilize nani?

Kutoka: Mhandisi, Kampemba

Dada, karibu Lubumbashi. Kwa hili wote wawili waache kidogo. Ndani ya tangi weka 60. Kwenye bomba la bafuni maji yatoke yakiwa yamechanganywa, yasizidi 50, na kwa mapacha yawe karibu na 37 au 38. Watu wanabishana kwa sababu wanadhani tangi na bomba lazima viwe na joto moja.

Nikupe hesabu. Kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja kunakula wati-saa 1.16. Maji yakiingia na digrii 20, lita zako 80 zikifika 50 umetumia kilowati-saa 2.8. Zikifika 60 ni 3.7, na kwenye 75 ni 5.1. Kama boila yako ni ya wati 1,500, hiyo 75 inataka saa tatu na nusu za umeme usiokatika. Unazo? Ile 60 inataka saa mbili na nusu.

Sasa angalia upande wa kuoga. Lita 80 za digrii 60 ukizichanganya na ya baridi unapata lita 160 za digrii 40. Zikiwa na 50 unapata lita 120 tu. Zikiwa na 40, ni zile zile 80, na anayeoga wa mwisho atapiga kelele. Mahali ambapo umeme unakuja kwa saa chache, tangi ni kibubu: unaweka usiku, unatoa asubuhi. Joto utakaloogea halijapotea. Linalopotea ni lile linalovuja kupitia ganda la tangi, na hilo linakua kadiri tangi linavyozidi joto la chumba. Chumba kikiwa na 20, tangi la 75 linavuja zaidi ya tangi la 60 kwa kiasi cha theluthi. Hapo ndipo mwenye nyumba wako anapokupotezea.

Kutoka: Mzee wa Kamalondo

Mwanangu mhandisi, hesabu zako nzuri, ila binti yangu yuko Marekani na Wizara ya Nishati ya huko inawaambia watu waweke 49. Wale hawana akili? Halafu mimi sina mita, nalipa kwa makadirio kila mwezi, niweke 40 au 80 bili ni ile ile. Na kwa nini huyu mama asing'oe hilo dubwana akafunga shawa ya papo hapo kama za Nairobi? Maji yanapita, yanapata moto, kwisha.

Kutoka: Muuguzi, Ruashi

Shikamoo Mzee. Niingie hapo kwenye 49 na 40, kwa sababu kuna jambo la afya ambalo bado halijasemwa.

Kuna bakteria anaitwa Legionella. Anaishi kwenye maji, na anastawi yakiwa vuguvugu, kati ya digrii 25 na 45 hivi. Alijulikana baada ya mkutano wa maveterani uliofanyika Philadelphia mwaka 1976, watu wakaugua nimonia ya ajabu na 29 kati yao wakafa. Wataalamu walimtenga Januari 1977. Kwa kawaida hakuingii kwa kunywa maji. Unamvuta na matone madogo ya shawa. Kwenye 50 anakufa polepole, kwa saa kadhaa. Kwenye 60 ni suala la dakika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji ya moto yahifadhiwe kwa zaidi ya 60. Tangi la 40 la mume wako, dada, ni shamba lake. Wazee, wavuta sigara na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi.

Na hapa kwetu kuna hatari ambayo wa Marekani haimsumbui sana. Umeme ukikatika siku mbili tatu, hata tangi lililowekwa 60 linapoa na kukaa vuguvugu humo humo. Umeme ukirudi, msikimbilie shawa. Acheni boila ifike 60 na ijizime yenyewe, mkae muda kidogo, ndipo muoge.

Upande wa kuungua: maji ya 60 yanamuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama tano. Ya 55 ni nusu dakika. Ya 49 yanahitaji dakika kama tano, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wamarekani kuyapenda. Ngozi ya mtoto haisubiri muda huo. Ufaransa tangu agizo la 2005 maji ya bafuni hayaruhusiwi kuzidi 50, ingawa tangi lina joto zaidi. Akiungua, mwagia maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida, si barafu, dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga viacheni jikoni.

Kutoka: Mhandisi, Kampemba

Asante dada Muuguzi. Mzee wangu, shikamoo. Kwa asiye na mita ni kweli bili haisogei, lakini saa za umeme ni zile zile kwa nyumba nzima: pampu, friji, pasi. Boila inayopigania 75 usiku kucha inakunyima hizo.

Shawa ya papo hapo nisingeshauri. Iliyoandikwa wati 5,500 ni kwa volti 220. Usiku mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, volti zikishuka hadi 180, nguvu inashuka hadi kama 3,700, si kwa uwiano wa kawaida bali kwa kipeo cha pili. Ukitaka kupandisha maji digrii 20 unabaki na lita mbili na nusu kwa dakika, yaani uzi wa maji. Tangi volti zikishuka linachelewa tu, linafika. Na umeme ukiwa umeondoka, shawa hiyo ni pambo.

Kutoka: Fundi, Katuba

Jambo yenu bote. Mi niko plombie, fundi ya bomba, ku Katuba, dada mmoja ameniingiza humu. Kiswahili changu ni cha hapa, mtanivumilia.

Mama, chini ya boila kuko valvu ya usalama, kale kadude kenye mkono mwekundu. Boila ikipata moto kanatonya maji. Haijaharibika! Maji ikipata moto inavimba. Lita 80 kutoka 20 kufika 60 inaongezeka zaidi kidogo ya lita moja, lazima itoke. Nimeona watu wamekaziba na kizibo cha mbao, wengine na gundi. Pale mmetengeneza bomu juu ya kichwa ya mtoto. Wekeni kopo chini ao mpira mpaka kwenye bomba ya uchafu, na kila mwezi geuzeni ule mkono kidogo, usigande.

Ya pili: 75 inakusanya chokaa haraka kwenye rezistansi, kile chuma kinachopasha maji moto. Ukifungua ya mwaka mzima unakuta gamba nene jeupe, na kurant, ni kusema umeme, inaliwa bure. Kugeuza termostati, kale kanakopanga digrii, zima kwanza kurant kwenye bodi, si swichi ya ukutani tu. Termostati iko chini ya kifuniko ya plastiki. Halafu mnunue valvu ya kuchanganya, inafungwa kwenye mdomo ya boila: inashika moto na baridi, inatoa 45 ao 50, hata mtoto akifungua yote.

Kutoka: Mzee wa Kamalondo

Sawa, mmenishinda kwenye shawa. Sisi wenye mbabula, jiko la makaa, na sufuria mmetusahau.

Kutoka: Muuguzi, Ruashi

Hatujakusahau, Mzee. Lubumbashi iko juu, mita kama 1,200, kwa hiyo maji yanachemka kwenye 96 hivi. Sehemu moja ya yaliyochemka kwa sehemu tatu za bomba la msimu huu inakupa kama 37. Ndoo ya lita 20 inataka lita tano tu za kuchemsha. Makaa ya kuchemshia sufuria kubwa ni ya kupoteza bure. Baridi itangulie kwenye beseni, moto ufuate, ukoroge, uonje kwa kiwiko. Wengi wanaanza na ya moto, wanageuka kuchukua ndoo ya baridi, na mtoto yuko pale pale. Na mbabula ibaki nje. Usiku wa baridi watu wanaiingiza chumbani na kufunga dirisha. Ile hewa ya makaa haina harufu, na haiamshi mtu.

Kutoka: Mama wa mapacha, Bel-Air

Nimewaelewa. Mwenye nyumba kakubali 60 baada ya kusikia habari ya chokaa. Hayo ya bakteria hayakumgusa hata kidogo. Fundi, Jumamosi uje na valvu. Swali moja: nitajuaje kwamba 60 ya kwenye kitufe ni 60 kweli?

Kutoka: Mhandisi, Kampemba

Usikiamini kitufe. Subiri boila ijizime yenyewe, fungua bomba la moto lililo karibu nayo kabla valvu mpya haijafungwa, acha litiririke mpaka joto lisipande tena, jaza kikombe na utumbukize kipimajoto cha jikoni. Kikisoma 57 au 63 si neno, rekebisha kidogo. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia 42. Kuna anayevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa wiki hii atuletee viwili vitatu? Nitachangia.