Vipele mikononi tangu mwezi jana: niache nini tena?

Mama Samaki, Kisumu: Hamjambo. Napaa samaki Dunga mwaka wa kumi sasa na ngozi haijawahi kunisumbua. Tangu mwezi jana mikono inawasha: vipele vyekundu, vidogo kama punje za wimbi, kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya kiwiko. Usiku najikuna mpaka damu. Nimebadilisha sabuni ya unga, nikaacha omena, nikaacha mayai. Wapi!

Jirani wa Kondele: Pole sana mama. Watoto nao wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole? Kama ndivyo, huenda ni upele wa kuambukizana, na nyumba nzima itatibiwa kwa pamoja.

Muuguzi, Nakuru: Usiache vyakula ovyo, utabaki na njaa bure. Unavaa glavu?

Mama Samaki: Ni mimi peke yangu. Glavu ndiyo, zile ndefu za mpira, nilinunua mwezi jana miba isinichome. Ala! Nimezivaa sasa hivi nikaangalia: vipele vinakoma pale pale glavu inapokoma.

Muuguzi, Nakuru: Basi ziweke kando wiki mbili, utafute za plastiki. Huenda ni mzio wa mpira, au jasho linalofungiwa ndani. Jipake mafuta kila ukinawa. Ndizi au parachichi ikikuwasha mdomo, mwambie daktari, maana mwili unaokataa mpira wakati mwingine hukataa na hayo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, kimbia hospitali, usingoje kukuche.